Nia ya Soufiane

Mutsamudu, 9 Mei 1999

Saandia mke wangu,

Nimefika. Ningesema nimefika salama, lakini wewe hunisahihisha kila nikitia chumvi, basi nasema tu nimefika na viungo vyote vipo. Chombo kilichotutoa Moroni kilijaa watu wa kwetu hata pa kukunja goti hapakuwepo. Fundi cherehani, muuza vitunguu, karani wa posta, wote tumefukuzwa kwa kosa moja la kuzaliwa Ndzuani, kisiwa kilichotangaza kujitenga. Karani akaniuliza, "Na wewe, mwalimu, umefanya nini?" Nikamjibu, "Nimeoa Badjanani, katikati ya Moroni." Watu wakacheka, cheko la kwanza siku ile, na mimi wala sikuwa natania.

Mama Nouria amenipa chumba changu cha utotoni. Kila asubuhi ananiuliza mkeo atakuja kukuchukua lini. Unajua mambo yetu, huku na huko ni mamoja: nyumba ni ya mwanamke, na mume anayelala kwa mama yake ama ni mgonjwa ama ameachika. Namwambia mimi si mgonjwa wala sijaachika, nimeponzwa na siasa. Anasema siasa hiyo naye hajaiona ikimletea mtu yeyote mchele.

Nakuandikia Kiswahili kama tulivyozoea tangu chuoni Dar es Salaam, ulipokuwa ukikicheka Kindzuani changu nami nikikikimbia Kingazidja chako. Mama hakisomi, na hilo nalo ni heri.

Usiniletee kitu. Acha kila changu palepale kilipo. Wakubwa wakichoka kupigana mikwara watafungua njia, nami nitarudi kwako kabla kanzu zangu hazijaota ukungu. Nijibu jambo moja tu, na uniambie kweli: kuna mtu aliyewagusa siku ile baada ya mimi kutolewa?

Mumeo,
Soufiane


Moroni, 30 Mei 1999

Soufiane,

Hakuna aliyetugusa. Mama yangu Moinafouraha anakusalimu, ndugu yangu Tawfik anakusalimu, na paka uliyesema humpendi analala kwenye kiti chako na hataki kuondoka.

Mtaa umetulia. Dirisha la mbele nimelipigilia mbao, vumbi la barabarani lilikuwa linazidi. Shuleni wamenipa likizo ya mapema, nami nimeipokea kwa mikono miwili, maana wanafunzi wa hisabati mwaka huu ni wazito kama mawe ya kusagia. Kwa hiyo nina nafasi ya kutosha kuyasoma makaratasi yako ya hesabu za sayari, nikiona umekosea wapi. Umekosea pengi.

Kanzu zako nimezifua na kuzitundika. Viatu vyako viko mlangoni, mgeni akija aone kwamba nyumba hii ina mwanamume wake. Mjomba Mzé akaniuliza kwa nini. Nikamwambia mume wangu yuko safarini. Akanitazama, akasema, "Haya, safari." Unamjua Mjomba, neno moja kwake ni hotuba.

Kula. Mama yako anapika vizuri kuliko mimi, hilo nakiri mara hii moja kwa sababu uko mbali.

Mkeo,
Saandia


Mutsamudu, 2 Desemba 1999

Saandia, Saandia, Saandia,

Keti kwanza. Imeonekana!

Profesa wangu wa Ufaransa ameniletea habari kwa faksi ya dukani kwa Elamine, Mirontsy, na Elamine mwenyewe amenikimbilia nayo mpaka shuleni akidhani kuna msiba. Kuna nyota katika kundi la Farasi, na sayari yake imeonekana ikipita mbele yake. Mwanga wa nyota ulipungua kidogo sana, ukakaa hivyo kwa saa chache, ukarudi. Miaka yote hii nilikuwa napiga hesabu za hewa ya sayari kubwa, majitu ambayo hakuna aliyejua unene wake, watu wakinicheka, na wewe ukiwa mbele yao. Sasa moja limejulikana!

Nimemweleza Mama. Nimemwambia ni jitu la gesi, la jamii ya Mshtarii, lakini limejibana na jua lake hata mwaka wake haufiki siku nne, na joto lake lingeyeyusha bangili zake za fedha. Akauliza nani anakaa huko. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi huko kuna amani."

Hewa yake hatuwezi kuiona. Lakini jitu likipita mbele ya nyota, mwanga kidogo hupenya kwenye ukingo wa hewa hiyo kabla ya kutufikia sisi, na kila kilichomo hewani hunyakua rangi yake. Umeona chumvi ikimwagikia motoni, ulimi wa moto unavyogeuka manjano? Ile ni sodiamu. Ikiwa ipo kule, basi katika manjano ileile jitu litaonekana limenenepa kidogo kuliko katika rangi nyingine. Profesa anataka kujua litanenepa kiasi gani, ili watu wenye darubini kubwa waambiwe watafute nini. Anasema hesabu zangu zimefika mbali kuliko za wengi anaowajua. Mimi, Saandia! Niliyetupwa huku!

Lakini hesabu zimo sandukuni, chini ya dirisha lako. Makaratasi yamechanganyika na nguo, usihangaike kuchambua. Nitolee vitu vyangu vyote vilivyomo nyumbani kwako, umkabidhi nahodha Moindjié, avilete Mirontsy. Fanya upesi, maana watu wanasema tutafungiwa bahari, na uwanja wa ndege wa Ouani hata sasa ndege ni za kubahatisha.

Barua hii anakuja nayo Allaoui, anasafiri sasa hivi, naye ananisimamia mlangoni akigonga kwa ufunguo. Samahani kwa mwandiko.

Soufiane wako, mwenye furaha


Moroni, 11 Januari 2000

Soufiane,

Furaha yako siku zote hutangulia akili yako, lakini safari hii imetangulia mbali mno.

Barua inayoletwa kwa mkono haipiti bangweni, pale uwanjani wanapokaa wazee, bila kuulizwa habari, unalijua hilo. Wazee walikuwa wamekaa barazani, kila mmoja ana jamaa huko Ndzuani na hana taarifa zake. Mjomba Mzé akasema, "Hiyo ni ya nyumbani kwangu, soma tusikie." Allaoui alifanya biashara Unguja, Kiswahili kwake si tabu, akaisoma yote. Walilisikiliza jitu lako kwa adabu. Mmoja aliuliza kama linaonekana kwa macho. Kisha Allaoui akafika pale uliposema nikutolee vitu vyako vyote nyumbani kwangu. Nimeambiwa baraza zima liligeuka kumtazama Mjomba.

Uliandika nini, wewe? Mwanamume kwetu huingia nyumbani kwa mke na sanduku, na akiagiza sanduku litolewe, ameshatoka yeye. Hata mtoto mdogo wa Mutsamudu anajua hivyo, sembuse mtu aliyeoa. Mjomba alivaa kofia yake akaenda moja kwa moja kwa kadhi.

Kadhi ni mtu mwema, naye hakuwa na haraka. Amesema desturi haiachi mke, nia ndiyo inayoacha. Ikiwa ulipoandika ulikusudia kuniacha, basi nimeachika tangu siku uliyoandika, na eda yangu inahesabiwa tangu siku hiyo, nijue nisijue. Ikiwa hukukusudia, mimi ni mkeo na wewe ni mpumbavu. (La upumbavu nimeongeza mimi.) Nia ya mtu hakuna aijuaye ila yeye na Mola wake, kwa hiyo uulizwe, na jibu lako ndilo litakaloshikwa.

Basi jibu. Neno moja linatosha: sikukusudia. Mwandikie Mjomba, usiniandikie mimi, maana ya kwangu watasema nimeipika. Sanduku silitoi mlangoni mpaka jibu lije. Najua kazi yako inangoja. Na mimi nangoja.

Sote wazima. Mtaa umetulia.

Mkeo,
Saandia


Moroni, 20 Februari 2000

Shemeji Soufiane,

Ni mimi Tawfik, ndugu yake Saandia. Hajui kama nakuandikia, na akijua hatanisemesha mwaka mzima.

Amekwambia mtaa umetulia. Dirisha la mbele lilivunjwa kwa mawe siku uliyotolewa, na limepigwa tena kila siasa inapochafuka. Shuleni hakupewa likizo. Wazazi walisema watoto wao hawatafundishwa na mke wa mtu aliyeikata nchi, na mkuu wa shule akamwomba apumzike. Harusi mbili kubwa zimepita Badjanani, Mama hakualikwa hata moja. Mama, ambaye hapakuwa na ngoma ya wanawake inayoanza kabla hajaketi! Siku hizi anashinda ndani, anasema miguu inamuuma.

Nakupenda, Shemeji, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma nyota. Lakini kadhi amekuachia neno mkononi. Dada hatakuomba kamwe. Ni mkaidi, angebaki na viatu vyako mlangoni mpaka nyumba iwaangukie. Wewe ni mtu wa elimu, fikiri.

Tawfik


Mutsamudu, 14 Machi 2000

Kwa Mjomba Mzé, Badjanani, Moroni

Baada ya salamu na heshima.

Nimeulizwa nia yangu katika maneno niliyoandika tarehe mbili Desemba. Najibu kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, bila kulazimishwa na mtu.

Nilikusudia.

Nawaomba radhi wewe na Mama Moinafouraha kwa yote. Saandia hana kosa lolote. Sanduku si lazima liletwe.

Soufiane


Moroni, 2 Aprili 2000

Mume wangu Soufiane,

Jibu lako halijafika, na sasa nafahamu kwa nini. Bahari imefungwa, simu zimekatwa, na Moindjié anasema barua za kwenu zinazunguka kisiwa cha Maore ndipo zije, zikija. Kwa hiyo nimechoka kungoja neno ambalo nalijua. Nakuja mwenyewe.

Soma tena, najua umeruka mstari. Nakuja. Mimi, Saandia wa Badjanani, mwenye nyumba yake, namfuata mwanamume nyumbani kwa mama yake. Hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyewahi kufanya hivyo, na huko kwenu nako wataniuliza kama kwetu paa limeanguka. Watanicheka visiwa viwili kwa pamoja. Nimemwambia Mama. Nilidhani atalia. Akaniuliza tu, "Una nguo za kutosha za huko?" Akaanza kunikunjia.

Sasa naweza kukwambia niliyokuficha, kwa kuwa yamepita. Dirisha sikulifunga kwa vumbi. Walirusha mawe. Na shule haikunipa likizo, ilinitoa. Sikukwambia kwa sababu ungerudi mbio kwa chombo cha kwanza, na wangekuua. Si zaidi ya hapo. Mawe hayakuwa mazito kama unavyodhani, Soufiane. Zito ni kulala peke yangu.

Na kwa kuwa sanduku sikulitoa, nimelifungua. Nimezirudia hesabu zako zote kwa kompyuta ya rafiki yangu Zainaba, ofisini kwake, wenzake wakishatoka. Ni nzuri. Lakini umehesabu kana kwamba mbingu ya jitu lile haina wingu hata moja. Ndivyo ulivyo, kila mahali unaona kweupe. Mahali penye joto kama lile hata mawe huwa mvuke, na mvuke ukipanda penye ubaridi hufanya wingu. Nimeweka wingu juu kidogo, na ile manjano yako ikapungua karibu nusu. Ipo bado. Ni hafifu, lakini ipo, na wakitafuta kwa subira wataiona. Nimempelekea Profesa na kutia majina yetu mawili, lako mbele. Ukitaka kugombana, gombana nami nikifika.

Moindjié hakubali abiria kwa sasa. Anasema katikati ya Juni bahari itatulia na walinzi watachoka, naye amenishikia nafasi. Mwambie Mama Nouria mkwewe anakuja kumchukua mwanawe, lakini kwa sasa atamchukulia palepale alipo.

Mkeo,
Saandia


Mutsamudu, 21 Aprili 2000

Saandia,

Barua yako imefika leo. Sijui niandike nini kwanza.

Kuna barua niliyompelekea Mjomba mwezi uliopita. Ikiwa haijafika, izuie. Mwombe Moindjié, mwombe Tawfik, mwombe yeyote aizuie. Ikiwa imefika, niliyoandika mle si kweli. Wallahi si kweli. Sikukusudia. Siku ile ya Desemba kichwani mwangu hapakuwa na kitu ila sayari na wewe.

Tawfik aliniandikia habari za mawe na za shule na za Mama Moinafouraha kukalishwa ndani. Nikaona yote hayo yanawapata kwa jina langu, na wewe ukinificha kwa huruma yako. Nikasema moyoni, ananiita niseme sikukusudia kwa sababu ni mwaminifu, si kwa sababu anataka. Nikisema nilikusudia, nitakuwa nimemfungulia mlango. Nilikaa na barua ile wiki nzima mfukoni. Mama aliniuliza kwa nini sili. Nilipompa mchukuzi pale Mirontsy niliona nimefanya jambo kubwa, la kiume. Nilijisifu, Saandia! Nilirudi nyumbani nikijisifu.

Na wewe wakati huo ulikuwa unakunja nguo.

Namwandikia kadhi kwa mkono huuhuu kwamba nilidanganya. Ikiwa atasema limepita, basi nakuomba ndoa mpya, leo, kwa mahari utakayo, mbele ya mashahidi utakaowataja. Nitakuja Moroni. Wakinipiga, na wanipige. Usiache nafasi yako kwa Moindjié. Njoo, tafadhali njoo.

Kuhusu mawingu, una haki. Una haki katika yote.

Mumeo,
Soufiane


Moroni, 11 Juni 2000

Soufiane,

Barua zako zimefika pamoja, katika mfuko mmoja, siku tatu kabla ya safari yangu. Ya Mjomba, ya kadhi, na yangu. Mjomba alifungua yake kwanza. Mimi nilikuwa ndani nampimia Mama dawa ya kikohozi, nikasikia anaita jina langu kamili.

Kadhi amezisoma zote. Amesema mtu akikiri jambo juu ya nafsi yake hukubaliwa, na akirudi nyuma hakubaliwi, la sivyo hapatakuwa na talaka duniani. Talaka imepita tangu Desemba. Eda yangu ilianza siku hiyo na ikaisha Machi, nami sijui. Nilikuwa edani nikifua kanzu zako. Ilipokwisha nilikuwa kwa Zainaba nahesabu mawingu yako. Nilipokuandikia nakuja, nikatia sahihi mkeo, sikuwa mkeo. Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi, na kila mara linaniumiza upya.

Profesa amejibu. Anasema kazi ni nzuri, anataka iendelee, na ametuandikia Bwana na Bibi. Barua yake naiambatisha hapa. Mweleze upendavyo. Makaratasi yote atakuletea Moindjié, na programu ya mawingu nimeiandika kwa urefu, kila hatua, uweze kuifuata bila mimi.

Sasa hilo la ndoa mpya. Usidhani Mjomba alikataa. Nilimtazamia akatae. Alituketisha sote, akasema kadhi ameruhusu, na yeye pia ameruhusu, mji useme utakavyo. Akaniuliza mimi, "Unamtaka?" Tawfik alikuwa analia mlangoni kama mtoto. Nimeshamsamehe, nawe msamehe. Aliandika aliyoyaona.

Nilitaka kusema ndiyo, Soufiane. Neno lilikuwa limeshanifika mdomoni.

Lakini nilikuwa tayari kuvuka bahari iliyofungwa nikakae chumba cha utotoni mwako, nichekwe, kwa sababu nilijua sisi ni wawili. Nawe uliulizwa swali moja, na jibu la kweli lilikuwa jepesi kulisema, ukachagua la uongo kwa ajili yangu. Wiki nzima barua ilikaa mfukoni mwako na hukuandika hata karatasi moja ya kuniuliza mimi, Saandia, wewe unataka nini? Nilikuficha mawe, hilo ni kosa langu, na nimelilia. Ila sikukuamulia maisha yako. Kesho litakuja jambo jingine, nchi hii haiishi mambo, nawe utaona lipi ni heri kwangu, utalifanya kimya, na utajisifu. Nitakuwa nakesha nikijiuliza umeshaamua nini.

Nikamwambia Mjomba, "Hapana." Akaniuliza mara ya pili, kwa upole, kama hakusikia. Nikasema hapana tena. Kisha nikaingia ndani nikalia hata Mama akaja kunifunika leso yake.

Nafasi yangu kwa Moindjié nimempa mwanamke wa Ouani anayerudi kwao kujifungua.

Nakupenda bado. Usije Moroni, na usiniandikie.

Saandia